Ukuta wa Kujaribia

Mara ya kumi na moja Fundi alipoingia mlangoni kwake, aliingia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Alisimama katikati ya sebule, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, akaikodolea macho kamera kama watu wanavyofanya siku ya kupigwa picha ya kitambulisho.

"Kata," alisema binti yake.

"Nimekosea nini tena?"

"Hujakosea, Baba. Ila hapa ni nyumbani kwako. Umechoka, unavua viatu, unakaa. Kila siku unafanya hivyo bila kufundishwa na mtu."

Fundi akajibu kwamba kila siku hakuna mtu anayemwelekezea mtambo usoni. Hilo lilikuwa kweli, na Kinyozi, rafiki wa binti tangu shule, aliyekuwa ameshika maiki iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio, alicheka mpaka ufagio ukaingia ndani ya picha. Ikabidi warudie mara ya kumi na mbili.

Mtaani walikuwa wameshampachika binti huyo jina la Dairekta, na hawakumpa kwa heshima. Siku za kazi alitoa fotokopi katika duka la vifaa vya ofisi. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amejinyima mpaka viatu vikaanza kumcheka, na akiba yake yote ikatosha kukodi kamera moja ya maana kwa siku tatu: Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili mwisho saa sita mchana. Ukumbi mmoja mjini ulikuwa umetangaza kuonyesha filamu fupi za watu wanaoanza, na siku ya mwisho ya kuzipokea ilikuwa Jumatano. Kamera ikirudi kabla hajamaliza, basi ni mwaka mwingine wa kujinyima, tena mbele ya watu watakaomuuliza kila asubuhi ile filamu imefikia wapi.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na mbili, na ilimhusu baba yake. Fundi rangi aliyepaka nyumba za watu miaka ishirini na miwili anarudi jioni kwenye nyumba ambayo haijawahi kuonja rangi, isipokuwa ukuta mmoja. Ukuta huo, unaotazamana na dirisha la sebule, ndio alioutumia kujaribia rangi za wateja kabla ya kwenda kuwapakia. Kila nyumba iliacha doa lake hapo, la ukubwa wa kiganja: njano, waridi, buluu, kijivu, madoa mia moja na ushee yaliyobanana kutoka chini ya swichi ya taa mpaka dari. Dairekta alipokuwa mdogo alidhani kila nyumba duniani ina ukuta kama ule. Kwake yeye ukuta ndio ulikuwa filamu, na baba yake alikuwa njia ya kuufikia.

Kosa lake ni kwamba hakuwahi kulisema hilo. Alichelea kumuumiza mzee, akaishia kumwambia, "Filamu inakuhusu wewe," na Fundi akaelewa kuwa ni filamu ya kumsifu, na kwamba ukuta wa madoa unaingia kwenye picha kwa bahati mbaya tu kwa sababu sebule ni finyu.

Mama yeye alikuwa amekataa katakata. Alisema hawezi kutokea kwenye filamu akiwa na nyumba imesimama uchi nyuma yake. Ijumaa nzima alikaa jikoni na kila aliposikia "Rudia!" aliguna kwa sauti ya kutosha kuharibu picha. Kinyozi alipendekeza waiache miguno ile humo humo, maana ndiyo pekee iliyokuwa ya asili.

* * *

Jumamosi asubuhi betri ikakataa kujaa. Dairekta akaenda kwa mwenye kamera kubadilisha, na Fundi akafuatana naye, kwa sababu yeye pia alikuwa na shida huko. Mwenye kamera alikuwa mpiga video za harusi, anahamia studio mpya, na tangu wiki iliyotangulia Fundi alikuwa anaizungukia kazi ya kuipaka.

Yule bwana hakuwa mbaya, alikuwa tu mtu asiyejua kunyamaza. Wakati betri inachomekwa aliifungua kamera, akaanza kutazama picha za Ijumaa kwenye kile kioo kidogo cha pembeni. Alitazama moja, akatazama ya pili, kisha akauliza ni nyumba ya nani.

"Ya kwetu," alisema Dairekta.

"Na huyu mzee anayesimama kama mlingoti ni huyu hapa?" Akamgeukia Fundi huku akicheka, bila hata kusitasita. "Mzee, wewe si ndiye unayetaka kunipakia studio? Ukuta wako mwenyewe una upele namna hii?"

Mteja mwingine aliyekuwa akisubiri picha zake za pasipoti naye akachungulia kioo, akacheka kwa adabu. Fundi akacheka pia. Alicheka zaidi ya wote, kama mtu anayetaka kicheko kiishe haraka, kisha akasema atapita siku nyingine kuzungumzia studio. Mwenye kamera akasema hakuna haraka. Dairekta alitaka kusema kitu lakini kitambulisho chake kilikuwa ndani ya droo ya yule bwana kama dhamana.

Walipofika kona ya nyumbani Fundi akauliza kama siku hiyo wangepiga picha sebuleni. Dairekta akamjibu hapana, leo ni za nje, yeye na Kinyozi watashinda mjini wakipiga picha za nyumba alizowahi kuzipaka. Za sebuleni zilizobaki, tena ndizo za maana kabisa, watazipiga kesho asubuhi.

"Vizuri," alisema Fundi. Akaharakisha mwendo mpaka akamwacha binti nyuma.

* * *

Saa kumi na moja jioni Dairekta aliachana na Kinyozi barabarani, maana wateja wa kunyolewa walishaanza kumpigia simu za kumtukana. Siku ilikuwa nzuri ajabu. Walikuwa wamepata nyumba kumi na tisa, geti moja la waridi, na paka juu ya ukuta wa zahanati aliyetembea vizuri kuliko mwigizaji yeyote waliyekuwa naye. Dairekta alirudi akiimba.

Harufu ya rangi ilimpokea kabla ya mlango. Hakushtuka, kwa sababu alikuwa amekulia ndani ya harufu ile. Akasukuma mlango.

Viti vilikuwa vimerundikwa katikati chini ya turubali. Kuta zote nne zilikuwa na rangi moja safi, kama maziwa yaliyotiwa majivu kidogo, kutoka sakafuni mpaka dari, bila hata alama ya brashi. Fundi alikuwa juu ya ngazi anamalizia kona. Mama alikuwa chini ameishikilia ngazi, kitambaa kichwani, tone la rangi kwenye pua, na uso wake uling'aa kama wa bibi harusi.

"Karibu nyumbani, Dairekta," alisema Mama, na kwa mara ya kwanza jina hilo lilimtoka bila kebehi.

Fundi akashuka ngazi akijifuta mikono. "Sasa piga," alisema. "Piga upande wowote unaotaka. Hakuna tena wa kutucheka."

Dairekta akautazama ukuta unaotazamana na dirisha. Alitaka kusema asante, maana aliona walivyochoka na walivyofurahi, lakini machozi yakamtangulia. Mama akadhani ni ya furaha, akaja kumkumbatia, na ilipita dakika nzima kabla hajagundua kuwa mwili aliokuwa ameukumbatia haufurahi hata kidogo.

"Kuna nini?"

"Ukuta, Mama. Filamu yote ilikuwa ule ukuta."

Fundi akamtazama binti, akautazama ukuta, akamtazama tena binti. "Wa madoa? Ule aliouita upele?"

"Yeye aliuita hivyo. Mimi nilijinyima mwaka mzima kwa ajili yake."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa utaona nakuaibisha."

Fundi akaketi kwenye kipago cha chini cha ngazi. Alisema taratibu kwamba na yeye aliogopa hilo hilo: kwamba filamu ya kwanza ya mwanawe itachekwa kwa sababu ya nyumba ya baba yake. Ndiyo maana, alisema, alipofika tu asubuhi alitoa tina zote zilizokuwa chini ya kitanda, masalio ya kazi za miaka yote, akazimwaga kwenye ndoo moja, akakoroga.

Mama alikuwa amesimama katikati yao na kitambaa chake kichwani. "Miaka ishirini na miwili naomba nyumba hii ipakwe," alisema. "Leo imepakwa, na kuna mtu analia."

Akakivua kile kitambaa, akaenda jikoni, na safari hii hakuguna.

* * *

Jumapili Dairekta aliamka akiwa amekata shauri. Nusu ya filamu ilikuwa na ukuta mmoja na nusu nyingine ingekuwa na ukuta mwingine, na hakuna namna ya kuwaeleza watu kwamba mzee alipatwa na aibu katikati. Angeirudisha kamera mapema, angechukua kitambulisho chake, kesho angefungua duka la fotokopi kama kawaida. Alikuwa anafunga zipu ya begi Kinyozi alipoingia na ufagio wake begani, bila habari ya lolote.

Kinyozi akasimama mlangoni, mdomo wazi. "Jamani," alisema. "Na doa langu je?"

Fundi alikuwa anakunywa chai. Hakuinua hata kichwa. "Lipo pale, chini ya swichi, kiganja kimoja kushoto."

"Langu lilikuwa juu ya swichi, mzee."

"Juu ya swichi ni la muuza vitambaa." Fundi akainuka na kikombe chake, akauendea ukuta, akaweka kidole mahali palipokuwa peupe kama pengine pote. "Lako lilikuwa hapa. Nalikumbuka kwa sababu ulinirudisha saluni kwako mara tatu. Ulitaka rangi ya chungwa, lakini isiwe chungwa. Nikakuuliza, sasa iwe nini, embe? Ukanuna."

"Sikununa."

"Ulinuna siku mbili. Na hapa pembeni yako walikuwa wale ndugu wawili waliogombana wakaigawa nyumba ya marehemu baba yao. Mmoja akataka buluu, mwenzake akataka yoyote ile mradi isiwe buluu. Nikawapakia mstari mmoja kuanzia paa mpaka chini, na wote wawili wakasimama nyuma yangu kuhakikisha hakuna anayepunjwa wala anayeongezewa."

Dairekta aliusahau mkono wake kwenye zipu. Tangu Ijumaa alikuwa akimtafuta mtu huyu. Mabega yalikuwa yameshuka, mkono unatembea wenyewe, chai inamwagika kidogo kidogo sakafuni bila yeye kuona. Akaifungua zipu polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akaitoa kamera, akaisimamisha kwenye miguu yake. Kinyozi alimwona, akanyanyua ufagio bila kuambiwa. Safari hii hakuna aliyesema "Anza".

"Na la mwalimu mkuu, Baba, lilikuwa wapi?"

"Hapa juu. Njano. Alitaka watoto wakiingia darasani wasisinzie. Wakasinzia vile vile, akanilaumu mimi."

"Unaweza kuyarudisha?"

Fundi akafikiri. "Tina ni tupu," alisema, akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Nyumba zao zote nilizimimina humu. Unaowaona hapa ni wao wote kwa pamoja." Kisha akageuka kutafuta kitu, akapita mbele ya kamera kama vile ni stuli. "Lakini nyeupe imebaki. Na vichupa vya kukolezea ninavyo."

Akaanza. Alichanganya rangi kwenye vifuniko vya tina, kwenye vikombe vilivyovunjika masikio, kwenye sahani ya bati. Tone la njano, nusu tone la nyeusi, anakoroga, anajaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, anaweka doa. Kila doa lilikuja na watu wake. Kulikuwa na muuguzi wa zahanati aliyetaka kijani kisichotisha wagonjwa. Kulikuwa na mstaafu aliyechagua kijivu akasema amechoka kuchagua. Kulikuwa na bibi mmoja aliyepaka mlango wake mwekundu ili mjukuu aliyekuwa mbali asipotee siku akirudi, na mjukuu akarudi akiwa na ndevu, akasema angeijua nyumba hata bila mlango.

Alipofika kwa muuza vitambaa, sauti ikatoka jikoni.

"Hiyo siyo."

Fundi akasema ndiyo yenyewe. Mama akaja na mikono yenye povu la sabuni, akasimama katikati ya picha aliyoapa hataingia. "Ya yule mama ilikuwa imekolea zaidi. Hii umeitia maji."

"Wewe utakumbukaje? Si uliuchukia ukuta huu?"

"Nimeutazama kwa hasira miaka ishirini na miwili, nitausahau vipi? Ongeza zambarau. Ongeza. Basi, basi, usije ukaiua." Akachukua brashi ndogo, akaweka doa yeye mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. "Haya. Sasa la nesi umeliweka chini mno."

Wakaendelea hivyo wawili, wakibishana, wakisukumana viwiko, huyu akisahau wa kushoto, yule akimkumbusha wa kulia. Kinyozi alielemewa na uzito wa ufagio lakini hakuthubutu kuushusha. Dairekta nyuma ya kamera alikuwa na furaha mpaka ilimuuma kifuani. Aliombea betri kama watu wanavyowaombea wagonjwa.

Saa tano ilikaribia. Fundi akachukua kifuniko kisafi, akatia nyeupe, kijani tone moja, buluu chini ya tone, akakoroga kwa muda mrefu kuliko rangi nyingine zote. Hakusema ni ya nani. Akapanda ngazi, akaweka doa juu kabisa kwenye pembe, mahali ambapo mtu huanzia ukuta ukiwa bado mtupu. Lilikuwa kijani kilichofifia, kama ganda la yai la bata.

Povu lilikuwa limemkaukia Mama mikononi.

"Hiyo ya nani?" aliuliza Dairekta. Aliuliza kwa sababu kwa kweli hakujua.

"Yangu," alisema Mama. "Wiki tuliyohamia aliniuliza nataka rangi gani. Nikamwambia. Akaijaribu pale juu, nikaipenda. Kesho yake akaitwa kazi." Akamtazama mumewe pale juu ngazini. "Mimi ndiye mteja wako wa kwanza, Fundi, na mpaka leo hujaja kunipakia."

Fundi alisema tu kwamba hakuisahau. Kila alipoikoroga rangi ya mtu mwingine, alisema, aliangalia kwanza isije ikafanana na ile.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema Mama, lakini macho yalikuwa yamemjaa. "Lini?"

"Kesho naanza."

"Leo."

Taa nyekundu ya betri ikawaka, ikapepesa mara tatu, kamera ikazimika. Dairekta hakuhitaji zaidi ya hapo.

* * *

Mwenye kamera alikuwa anapakia vyombo garini kwa ajili ya harusi. Alichomeka betri nyingine kuhakikisha mtambo unafanya kazi, akafungua picha za mwisho, akiwa amesimama, mguu mmoja kwenye ngazi ya duka. Baada ya muda akaketi. Dereva alipiga honi. Alipiga tena. Yule bwana akampungia mkono bila kugeuka.

"Huyu ndiye yule mlingoti?"

"Ndiye."

Alitazama mpaka lile doa la kijani, mpaka kioo kikawa cheusi. Hakucheka wala hakuomba radhi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukumbuka alichosema jana. Akafungua droo, akampa Dairekta kitambulisho chake, kisha akabaki na swali usoni.

"Akinipakia studio," aliuliza, "doa langu ataliweka wapi?"

Dairekta akasema atamuuliza, lakini ukuta umejaa, itabidi asubiri nafasi.

Alirudi nyumbani kwa miguu, kitambulisho kwenye mfuko wa shati na picha zake zote zikiwa kwenye kadi ndogo aliyoishika kiganjani njia nzima. Sasa filamu ilikuwa na ukuta wa madoa, ukuta mtupu, na ukuta uliorudishwa na watu wawili wanaobishana. Kazi ya kukata na kuunganisha angeifanya kwenye kompyuta ya dukani baada ya saa za kazi, na Jumatano ilikuwa bado mbali.

Nyumbani alikuta ukuta wa kujaribia umezibwa kwa turubali kuanzia juu mpaka chini. Mama alikuwa ametoa amri usiguswe na mtu, na ameiweka stuli yake mbele ya turubali na kukaa kama askari. Ukuta wa dirisha tayari ulikuwa umepata rangi ya yai la bata nusu yake, na Fundi alikuwa anaimba wimbo usio na maneno. Kinyozi alikuwa ameacha wateja, anakwangua matone sakafuni.

Dairekta akaona namna mwanga wa dirisha ulivyokuwa unaanguka kwenye rangi mbichi, na mkono ukaenda wenyewe begani kutafuta begi la kamera. Halikuwepo. Akacheka, akachukua rola iliyokuwa kwenye ndoo, akaivuta ukutani kutoka chini kwenda juu kwa nguvu zake zote.

Mama akaukagua mstari ule kutoka kwenye stuli, kichwa ameinamisha upande, jicho moja amelifumba.

"Kata," alisema. "Rudia."